Mfuo wa Nne

Kabari ilipochomoka mara ya kwanza ilipita karibu na sikio la Lutengano, ikatoboa bati la ukutani na kwenda kuangukia katika shamba la viazi la jirani. Injini, kwa kupungukiwa mzigo ghafla, ikapiga mayowe. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Wanawake kumi na saba waliopanga mstari na vikapu vyao vya mahindi wakamtazama yeye, si mashine, utadhani yeye ndiye aliyekatika.

"Imekufa?" akauliza Damari, bibi mmoja aliyeteremka tangu alfajiri kutoka milima ya Poroto, ambaye hakujua kuuliza kwa sauti ndogo.

"Haijafa, bibi. Imetema jino tu."

"Basi lirudishe hilo jino. Mimi nina wajukuu."

Ilikuwa Julai ya mwaka 1956. Mavuno yalikwisha kuingia ghalani, baridi ilikuwa ya kukunja vidole, na mashine hiyo ilikuwa ya pekee ya chama cha wakulima hapo Uyole. Chama kiliinunua kuukuu kwa mlowezi mmoja aliyeacha shamba lake la kahawa, kikamkabidhi Lutengano kwa kuwa alijifunza injini jeshini wakati wa vita, huko Burma. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, mwembamba, penseli haitoki sikioni, na hakuweza kukaa chumba kimoja na mlango usiofunga sawasawa. Jina lake kwa Kinyakyusa ni amani. Mkewe Tupokigwe alikuwa akisema wazazi walimpa jina hilo kwa matumaini.

Ubovu wenyewe haukuwa mkubwa, na hilo ndilo lililomuudhi. Injini ilivuta mkanda, mkanda ukazungusha puli, na puli, ambalo ni gurudumu zito la chuma cha kalibu, lilivikwa kwenye shafti, mhimili wa chuma wa mashine. Ili puli na shafti vizunguke pamoja, kila kimoja kilikuwa kimechimbwa mfuo, mfereji mwembamba. Mfuo wa juu ukikutana na mfuo wa chini hupatikana tundu la pembe nne, na humo hupigiliwa kipande cha chuma kisichozidi kidole: ndiyo kabari. Mashine nzima, injini nzima, mahindi ya milima yote ile, vilining'inia kwenye kipande hicho. Mfuo wa shafti ulikuwa mzima. Mfuo wa puli ulikuwa umelika, umekuwa kama kinywa cha kibogoyo. Ukiingiza kabari, inacheza.

Lutengano aliiokota kabari katika viazi, akaikaza kwa kipande cha bati. Ikaruka kabla ya saa nne. Akaikaza kwa mabati mawili. Ikaruka tena, safari hii wanawake wakiwa wameshasogea mbali wenyewe bila kuambiwa.

"Puli lichimbwe mfuo mpya, robo mzunguko kutoka huu wa zamani," akamwambia Saulo, mwenyekiti wa chama. "Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye vifaa."

Saulo alikuwa mzee wa kanisa, mnene, mpole, mtu aliyependa kuandika barua kuliko wengine wanavyopenda nyama. "Mbeya mjini hapana mtu?"

"Karakana ya serikali inatengeneza magari ya serikali tu. Ile nyingine, mwenyewe amekwenda kwao Bara Hindi kuoza binti. Imebaki Iringa. Kule yupo fundi mmoja, Mzee Makame. Wenye malori wote wanamsifu."

"Basi tumwandikie," akasema Saulo, na uso ukamng'aa.

Lutengano alichora mchoro mwenyewe, siku nzima, kwa rula na penseli iliyochongwa kama sindano. Upana wa mfuo: robo na thumuni ya inchi. Aliandika kwa tarakimu, akaandika kwa maneno, akapigia mstari chini. Puli akamkabidhi Yunusu, dereva wa lori lililokuwa likienda na kurudi Iringa kila wiki, mtu mcheshi ambaye hakuna baya lililompata mwenzake asilolipatia methali.

"Subira yavuta heri, fundi," Yunusu akasema, akilitupia puli nyuma ya magunia.

"Usilitupe!"

"Chuma hicho, fundi. Si mayai."

Siku kumi na mbili zikapita. Wanawake wakawa wanasaga kwa mawe majumbani, na wakipita barabarani hawakumwamkia Lutengano kama zamani. Walimwamkia kama mtu aliyefiwa. Lori liliporudi alilikimbilia, akalifungua gunia palepale barabarani, akapima.

Mfuo ulikuwa umechimbwa vizuri sana, laini, pembe kali. Ila upana wake ulikuwa nusu inchi kamili.

Akapima tena. Akaipangusa rula kwa shati, akapima mara ya tatu. Halafu akakaa juu ya puli katikati ya vumbi.

"Imekuwaje?" Yunusu akauliza.

"Niliandika robo na thumuni."

"Na hii?"

"Hii ni nusu."

Yunusu akafikiri. "Si bora imezidi kuliko kupungua?"

Lutengano hakumjibu, kwa sababu kama angejibu angetukana, naye alikuwa mtu wa kushiriki meza ya Bwana.

Alijaribu kuokoa jahazi. Alichonga kabari yenye bega, nene upande wa puli, nyembamba upande wa shafti, siku mbili na tupa mkononi mpaka viganja vikachubuka. Ikashika. Mashine ikasaga madebe manane, Damari akapata unga wake akaondoka akiimba. Saa tano bega likakatika. Kipande kimoja kikabaki ndani, na kukitoa kukachukua siku nyingine nzima.

Ikabidi puli lirudi Iringa. Safari hii Lutengano hakuamini tarakimu wala maneno. Alichonga kibao cha mti mgumu, unene wake sawasawa na kabari, akakifunga kwenye puli kwa waya, akaandika: *Mfuo uwe wa kuingia kibao hiki, wala usizidi, wala usipungue.* Mtoto mdogo angeelewa.

Puli likarudi wiki ya tatu ya Agosti. Kibao kiliingia mfuoni kama mkono ndani ya mfuko. Lutengano akashusha pumzi. Akalivika puli kwenye shafti, akachukua kabari, akapigilia. Ikaingia nusu, ikagoma. Akaitoa, akainama, akatazama tundu kwa jicho moja.

Mfuo ulikuwa umekwenda upande. Mdomoni ulianza mahali pake, na kadiri ulivyoingia ndani uliacha njia, kama mbuzi anayevutwa kamba asikotaka kwenda.

Tupokigwe alikuwa amemletea chakula. Alimkuta amelala chali sakafuni kando ya mashine, macho darini.

"Baba Mika, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimejilaza."

"Kwa nini?"

"Nikisimama nitavunja kitu."

Akamweleza, akilala vilevile, kwa sauti iliyosikika mpaka nje, kwamba fundi yule ni adui wa maendeleo. Puli hilo sasa lilikuwa na mifuo mitatu: wa kuzaliwa nao, ule mpana, na ule uliopinda. Kitovu chake kilikuwa kama mkate uliokatwa katwa. Pamebaki robo moja tu ya kuchimba, na huo wa nne nao ukiharibika, puli litapasuka, na puli jingine la kipimo kile ni la kuagiza Uingereza, miezi sita.

"Basi nenda mwenyewe," Tupokigwe akasema, akiweka sufuria chini. "Mchoro hauna mdomo. Wewe unao, tena mkubwa."

Akaenda mwenyewe. Alipanda basi na puli ndani ya gunia, akaliweka katikati ya miguu, zito kama debe la mahindi. Kila basi lilipopiga shimo, Chimala, Igawa, Makambako, puli lilimgonga kifundo cha mguu, na kila lilipomgonga alikumbuka neno jingine la kumwambia Makame. Alilala njiani akayapanga. Siku ya pili asubuhi, basi lilipokuwa likipanda kilima cha Iringa, alikuwa nayo yote kwa mpangilio, kuanzia *mzee, kwa heshima zote* mpaka mwisho ambako heshima zilikuwa zimekwisha.

Karakana ilikuwa chini kidogo ya soko, nyumba ndefu ya mabati, sakafu nyeusi kwa mafuta ya miaka. Mafundi wengine walikuwa nje chini ya malori. Ndani, karibu na dirisha kubwa, alisimama mzee mfupi mwenye kofia ya kiua na koti la kazi lililopigwa pasi. Baba yake alikuwa mtu wa Bagamoyo aliyekuja na misafara akalowea. Yeye mwenyewe alijifunza chuma kwa Wajerumani, kwenye reli, kabla ya vita ile ya kwanza. Hayo yote Lutengano aliyajua kutoka kwa wenye malori, waliyokuwa wakiyasimulia kama habari za mtume.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Uyole," Makame akasema bila kugeuka. "Mtu anayehema namna hiyo amekuja kugomba. Siwema! Mpe mgeni kahawa. Mtu hagombi na kikombe mkononi."

Siwema, binti yake, mwanamke mtu mzima aliyejifunga kanga mbili, alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni na buli lake. Akamimina kikombe, akampa Lutengano kwa mikono miwili, akarudi kukaa. Lutengano akakinywa mara moja, kikamuunguza ulimi, akakiweka chini.

Akalitoa puli guniani, akalibwaga mezani mbele ya dirisha.

"Mzee, kwa heshima zote. Mfuo huu wa kwanza ni wa kuzaliwa. Huu wa pili ni wako. Niliandika robo na thumuni, ukachimba nusu. Huu wa tatu ni wako pia. Upana sawa. Lakini tazama ulivyopinda!"

Makame akapitisha dole gumba ndani ya mfuo, taratibu, kwenda na kurudi. "Haukupinda."

"Umepinda!"

"Mchoro wako ndio uliopinda."

"Mchoro wangu?" Akautoa mchoro mfukoni, akautandaza mezani, na ili apate nafasi akasukuma kando nyundo na patasi zilizokuwa zimepangwa kushoto kwa jiliwa. "Mzee, mstari ule pale umenyooka kama uzi wa seremala. Tazama basi!"

"Natazama," akasema Makame.

Lakini uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni.

Lutengano aliona, lakini alikuwa na hasira mno asielewe alichoona. Alidhani ni dharau. "Mfuo wa nne utauchimba nikisimama hapahapa," akasema. "Sitoki. Nitalala hapa kama ikibidi."

"Vizuri. Simama. Ila usihemee shingoni mwangu." Makame akalibana puli katika jiliwa kwa wepesi ambao Lutengano hakuwahi kuuona hata kwa mafundi wa jeshi. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua patasi.

Patasi haikuwapo. Ilikuwa upande wa kulia, mahali Lutengano alipoisukumia, kwenye mwanga mweupe wa dirisha, shubiri moja tu kutoka kifundo cha mkono wa kulia wa mzee. Mkono wa kushoto ukapapasa mbao. Ukaenda mbele, ukarudi, ukapapasa tena mahali palepale. Makame hakugeuza kichwa kutafuta. Alisimama tu, mkono ukitembea mezani kama kuku anayechakura.

Siwema akainuka. Akaichukua patasi, akaitia mkononi mwa baba yake bila neno, akamtazama Lutengano. Hakuwa anaomba, wala hakuwa anatisha. Alikuwa anangoja tu aone huyu ni mtu wa namna gani.

Lutengano alikuwa amesafiri siku mbili na hasira zake. Amezilisha, amezinywesha, na sasa amefika nazo hana pa kuzifunga.

"Tangu lini?" akauliza mwisho.

Nje mtu alikuwa akigonga bodi ya lori.

"La kulia tangu mwaka juzi. La kushoto lilinivumilia mpaka Ramadhani iliyopita. Naona mwanga, naona kitu kikubwa. Mstari sioni."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani? Tajiri wa karakana? Atanitolea kiti pale nje, nikae nihesabu magari yanayopita. Miaka arobaini na tatu nimeshika chuma, bwana mdogo."

"Ungeniambia mimi! Ungesema tangu Julai, ningekuja na miguu yangu! Kule kuna vikongwe wanasaga kwa mawe mpaka leo, kwa sababu wewe unaona haya!"

"Sema polepole."

"Nasema polepole!" Lutengano akapiga kelele. Fundi mmoja akachungulia kutoka nje; Siwema akamwambia si kitu, mgeni kaungua kahawa.

Lutengano akajiona anahema. Lile la kibao na la mchoro sasa yalimwelea yote mawili. Tarakimu za mchoro mzee hakuziona, akakisia; alipompa kitu cha kushika, upana ukawa sawa. Kilichompotea ni kunyooka, kwa sababu kunyooka hakukuwa na cha kushika. Ilimuudhi hata kuelewa kwenyewe, maana jibu lilikuwa jepesi na lilimgharimu miezi miwili.

"Mistari nitapiga mimi," akasema. "Nitaichimba kwa ncha ya chuma, iwe na kina, kucha yako iipate. Utafuata kwa kucha."

Makame akafikiri. "Una mkono?"

"Ninao."

"Tutaona."

Lutengano akapiga mstari wa kwanza ndani ya kitovu cha puli, akainamia mpaka jasho likamdondoka. Mzee akapitisha kucha.

"Umetetemeka katikati. Ulikuwa bado umekasirika. Futa."

"Haujatetemeka."

"Futa."

Akatazama kwa karibu sana, dhidi ya mwanga. Ulikuwa umetetemeka, unene wa unywele. Akaufuta kwa tupa, akauma meno, akapiga tena. Wa pili nao ukakataliwa. Wa tatu ukakataliwa kwa sababu, mzee alisema, ulinyooka lakini kwa woga, haukuwa na kina mwishoni. Wa nne akaupitia kwa kucha mara tatu, akanung'unika kitu ambacho Lutengano alikichukua kuwa ndiyo.

Kisha Makame akaanza kuchimba. Pigo la nyundo, dole gumba. Pigo, dole gumba. Chuma kilitoka vipande vidogo sawasawa kama punje zinazopukuchuliwa. Mzee aliinua kichwa kidogo, akisikiliza. Patasi ilipokaribia mstari mlio ulibadilika, hata Lutengano akausikia, na Makame akaacha kupiga kabla hajaambiwa. Jeshini Lutengano hakuwahi kumwona mtu, awe Mzungu au nani, akichimba mfuo namna ile. Na hilo lilimrudishia hasira upya: kwamba mikono kama ile ilikuwa imeharibu puli mara mbili kwa kukosa mtu wa kupiga mistari miwili.

Kabari nayo ikawa shughuli nyingine kabisa. Makame alimpa tupa akamwamuru apunguze. Lutengano akapunguza, akaingiza, mzee akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Bado."

Akapunguza.

"Bado."

"Mzee, inaingia."

"Mwizi pia huingia. Nataka ikae. Bado."

Mara kumi na nne. Alizihesabu. Mara ya kumi na tano Makame akaigonga, mlio ukawa mfupi, mzito, kama kugonga jiwe moja zima. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza mjini. Mzee akavua koti, akalikunja.

"Utawaambia?" akauliza, akitafuta kwa mguu viatu vyake vya msikitini.

"Sijui," Lutengano akasema, na ndivyo ilivyokuwa. Hakujua.

Siwema akamsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshikia upande mmoja wa gunia. Hakumwomba asiseme. Alimwambia tu basi la Mbeya hujaa mapema, awahi kukaa upande usio na jua.

Puli lilikaa. Asubuhi aliyowasha mashine Uyole, kabari haikusogea hata nukta. Lutengano alipiga mstari wa chokaa juu yake na jioni mstari ulikuwa palepale. Wanawake wakawa wanafika tena kila siku, mpaka wakauzoea mlio wa injini. Damari alimletea kuku, akamwambia angemletea ndama kama fundi angekuwa mwepesi zaidi.

Saulo naye akaja, akasikiliza mashine, akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

"Nami sikukaa bure," akasema. "Siku ileile ulipoondoka niliandika barua kwa mwenye karakana. Nimemweleza yote: mfuo mpana, mfuo uliopinda, wajane wanaohangaika. Nimemwambia fundi wake hafai kushika kazi za watu, amwondoe. Kurasa nne."

Lutengano akauzima mtambo. Wanawake wakaguna.

"Umeipeleka?"

"Yunusu aliichukua siku ulipokuwa ukirudi. Mlipishana njiani."

"Mzee Saulo, nani alikutuma?"

"Kamati. Wewe mwenyewe ulilala sakafuni ukisema mtu huyo ni adui wa maendeleo. Nimeyaweka maneno yako hayohayo, ndani ya alama za kunukuu."

Lutengano akatoka nje, akazunguka nyumba ya mashine mara mbili, akarudi. Angeweza kusema mzee haoni. Lakini Saulo angeandika na hilo, kwa huruma nyingi na mistari ya Biblia, na kiti kingetolewa nje ya karakana siku hiyohiyo. Hakuona njia ila moja, nayo ilimkera kuliko safari zote za lori.

"Andika barua nyingine," akasema. "Sema mchoro ulikuwa na makosa. Mchoro wangu. Vipimo nilivikosea, na mstari niliupindisha. Fundi alifuata alichoonyeshwa."

Saulo akamtazama kwa masikitiko. "Wewe? Ulikosea rula?"

"Nilikosea rula."

"Mara mbili?"

"Mara mbili!"

Barua ya chama haikuwa barua bila kamati, kwa hiyo ilimbidi aungame tena Jumamosi mbele ya watu saba kwenye benchi. Walimsikiliza vizuri. Mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mwisho wakaamua, kwa kura, kwamba kuanzia siku hiyo kila mchoro wa Lutengano upitiwe kwanza na mwalimu wa shule ya Jumapili, maana ana rula na ana utulivu. Lutengano akatia sahihi. Nyumbani hakula. Tupokigwe, aliyekuwa mtu wa pekee kuujua ukweli, akamwacha, kisha akamsogezea sahani tena, kisha akala yeye.

Wiki tatu baadaye Yunusu akasimamisha lori mlangoni na kunyoosha karatasi iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wa Siwema, mzito, wa mtu anayekandamiza kalamu.

*Kwa Fundi Lutengano, Uyole. Salamu. Barua yako imesomwa hapa mbele ya watu. Sikuipenda. Mchoro wako ulikuwa sawa, na aliyechora sawa asiseme amekosea, hata kwa wema. Nimewaambia mwenyewe habari za macho yangu. Tajiri alinyamaza siku mbili, nami nikakaa nyumbani siku mbili. Kisha akaja na gia ya lori iliyoshinda watu, akasema nibaki, ila nitafute mtu wa kupiga mistari. Anapiga Siwema. Ana mkono kuliko wako na hanibishii. Mimi Makame.*

Lutengano aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Mzee huyu!" akamwambia Tupokigwe. "Nimejivua nguo mbele ya kamati nzima kwa ajili yake, na yeye haipendi!"

"Si amebaki kazini?"

"Amebaki."

"Basi unataka nini?"

Alitaka jina lake. Akaichukua barua mbio mpaka nyumbani kwa Saulo, akamkuta barazani na kalamu, kama kawaida. Akampa. Saulo akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akifuatisha kwa kidole, akavua miwani.

"Kumbe mchoro ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Rula hukukosea."

"Sijawahi kukosea rula maishani mwangu!"

Saulo akatikisa kichwa, polepole, kwa uchungu wa kweli. "Basi uliidanganya kamati, bwana Lutengano. Ukatia na sahihi. Chama kimepeleka uongo Iringa kwa karatasi yake chenyewe."

"Mzee Saulo…"

"Nakuelewa. Hata mimi ningemhurumia. Lakini kumbukumbu lazima zikae sawa." Akavuta karatasi safi, akainyoosha kwa kiganja, akamsogezea na kalamu. "Andika mwenyewe. Mkutano ni Jumamosi. Na kwa kuwa uamuzi ule haujafutwa, kabla hujaileta mwonyeshe kwanza mwalimu wa shule ya Jumapili."

Lutengano alifungua kinywa. Kutoka chini kwenye nyumba ya mashine Damari alikuwa akiita, kwa sauti yake ile, kwamba watu wamepanga mstari, na fundi yuko wapi. Akakifunga kinywa, akachukua kalamu, akaandika tarehe.